Mzee yuko Tanga, mimi niko Leicester: mbona kompyuta zetu haziungani?

Swali la msomaji:

"Shikamoo fundi. Baba yangu ni mwalimu mstaafu, yuko Tanga, anatunza hesabu za kikundi cha kuweka na kukopa kwenye kompyuta mpakato ya Windows 10 niliyomtumia. Mimi niko Leicester, Uingereza. Nataka niwe naingia kwenye mashine yake kumsaidia. Kwanza tulitumia ule msaada wa mbali wa zamani, Remote Assistance. Akatengeneza faili la mwaliko, akanitumia kwa barua pepe, nikalifungua, halikuunga hata siku moja. Nikafungua poti 3389 kwenye ruta yangu, na kijana wa jirani akafungua kwenye ruta ya mzee. Wapi! Tukahamia Quick Assist, programu mpya zaidi ya Microsoft ya kusaidiana kwa mbali. Siku ya kwanza ilikubali. Tangu hapo kuna siku inakataa kabisa, na kuna siku inakubali, lakini nikimpigia simu tu inakatika. Na ile siku iliyokubali, nilipotaka kumwekea printa, skrini ikawa nyeusi kwangu. Anatumia karuta kadogo ka laini ya simu, na bando likiisha anawasha hotspoti ya simu yake. Mama anasema tumwachie fundi wa mtaani. Tatizo liko kwangu au kwa mzee?"

Jibu:

Marahaba, na mzee mfikishie shikamoo yangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na ninavyoona una matatizo manne ambayo hayahusiani, ila yote yanakuja na sura moja ya "haiungi". Ndiyo maana umehangaika. Ukitibu moja, jingine linajitokeza, nawe unadhani dawa haikufanya kazi. Tuyatenganishe.

Faili la mwaliko kwanza, maana hilo ndilo lililokupotezea muda mwingi bila faida.

Remote Assistance ilikuja na Windows XP mwaka 2001, na imejengwa kwa wazo kwamba kompyuta mbili zitakutana ana kwa ana. Faili la mwaliko hubeba anwani ya mashine ya mzee, kisha mashine yako inatoka Leicester kwenda kubisha hodi kwenye anwani hiyo. Sasa anwani yenyewe ni ipi? Kwa watu wengi wa nyumbani ni kitu kama 192.168.8.100. Hiyo ni namba ya chumba, si namba ya nyumba. Ni sawa na kupanda bodaboda ukamwambia dereva akupeleke chumba cha tatu, bila kumtajia mtaa. Vyumba vya tatu viko Tanga nzima.

Dawa ya kawaida ni hiyo mliyojaribu: kufungua poti, yaani mlango wenye namba, kwenye ruta ili hodi ikifika mlango wa nje, ruta iipeleke chumba kinachohusika. Kijana wa jirani hakukosea. Kilichowashinda ni kwamba kwa anayetumia laini ya simu, ruta yenyewe nayo imo ndani ya nyumba ya mtu mwingine. Anwani za mtandao za mfumo wa zamani, IPv4, ni kama bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, na akiba kuu ya kugawa iliisha Februari 2011. Kampuni za simu zikawa zinaweka maelfu ya wateja nyuma ya anwani chache. Mwaka 2012 likatengwa hata fungu maalumu kwa kazi hiyo, kuanzia 100.64.0.0 mpaka 100.127.255.255. Mteja aliye huko anaweza kutoka nje vizuri kabisa, ila mgeni wa nje hawezi kumfikia, hata afungue poti zote kwenye ruta yake. Mlango aliofungua kijana unatazama ukumbini. Geti la nje liko mikononi mwa kampuni, na kampuni haimfungulii mteja mmoja mmoja.

Ukitaka kuhakikisha, ni kazi ya dakika tano. Mzee afungue ukurasa wa ruta yake (anwani na nenosiri viko kwenye kibandiko chini ya ruta) na atafute sehemu iliyoandikwa WAN, yaani upande wa ruta unaotazama nje. Kama namba ya hapo inaanza na 10, au na 192.168, au iko kati ya 172.16 na 172.31, au kati ya 100.64 na 100.127, basi yuko nyuma ya geti la kampuni na habari ya Remote Assistance imekwisha. Kwenye dirisha la Remote Assistance pengine umeona chaguo la Easy Connect likakutia tamaa. Lilitegemea huduma ambayo imeshaondolewa kwenye Windows 10, kwa hiyo usilipotezee jioni yako.

Halafu naomba sana, kabla hujaendelea kusoma, funga ile poti 3389 kwenye ruta yako, na kijana afunge ya mzee. Hiyo ndiyo poti ya Remote Desktop, huduma ya Windows ya kuendesha kompyuta kutoka mbali, na duniani kuna programu zinazozunguka mchana na usiku kuitafuta. Mwaka 2019 liligunduliwa tundu liitwalo BlueKeep lililomwezesha mtu kuingia kwenye Windows za zamani kupitia huduma hiyo bila nenosiri lolote. Ruta yako Leicester huenda ina anwani halisi ya nje, kwa hiyo mlango wako, tofauti na wa mzee, unaonekana kweli barabarani. Tena kama mashine ya mzee ni Windows toleo la Home, Remote Desktop haiwezi kumpokea mgeni hata kidogo, inahitaji Pro. Mlikuwa mnafungua mlango wa chumba kisichokuwepo.

Quick Assist ni jambo jingine kabisa, na ndiyo njia ninayokushauri ubaki nayo. Hapa hakuna anayembishia mwenzake hodi. Mashine yako inatoka, ya mzee inatoka, zinakutana kwenye seva, yaani kompyuta kuu, ya Microsoft, na msimbo mfupi unathibitisha kwamba nyinyi ndio mnaotafutana. Zote zinapita poti 443, ile ile inayopitisha ukurasa wowote wa benki au wa barua pepe. Kwa hiyo mzee akiweza kufungua barua pepe yake kwenye kivinjari, njia ipo, na huna haja ya kugusa ruta. TeamViewer, AnyDesk na Chrome Remote Desktop nazo hukutana hivyo hivyo kupitia seva ya katikati. Ndiyo maana kubadilisha programu hakutakusaidia kwa tatizo ninaloliendea sasa.

Siku ambazo Quick Assist inakataa kabisa: je, ni siku ambazo umeme ulikatika Tanga? Muulize mzee. Mimi naweka dau kwenye saa ya kompyuta.

Kila muunganiko salama huanza kwa mashine kukagua cheti cha seva, yaani kitambulisho chake, na cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Mashine ikidhani leo ni Januari 2015, kila cheti itakiona hakijazaliwa, na itakataa kuunga. Haisemi "tarehe yangu mbovu". Inasema imeshindwa kuunganisha, basi. Kompyuta mpakato iliyokaa miaka mara nyingi betri yake kubwa imekufa, inaishi kwa waya wa umeme tu. Na ndani, kwenye bodi, kuna kibetri kidogo cha duara, aghalabu CR2032 cha volti 3, kinachoshikilia saa mashine ikiwa imezimwa. Hicho kikifa pia, kila umeme ukikatika kompyuta inaamka na tarehe ya zamani iliyowekewa kiwandani. Windows hujaribu kujisahihisha kupitia mtandao, lakini tofauti ikiwa kubwa mno mara nyingi haifanyi hivyo yenyewe.

Hapa kuna mtego wa kwetu. Nilimsaidia shangazi yangu aliyeko Lindi jioni tatu mfululizo kwa tatizo hili hili. Kila nikimuuliza kompyuta yake inasema saa ngapi, ananijibu "saa mbili na robo", na kweli ilikuwa saa mbili na robo usiku, nami nikaridhika. Jioni ya nne nikamwambia: shangazi, usinitajie saa, nisomee tarakimu zilizoandikwa kona ya chini kulia, moja moja, pamoja na zilizo chini yake. Akasoma: mbili, nukta mbili, moja, tano. Yaani 2:15, na tarehe ya miaka sita nyuma. Kompyuta ilikuwa imepotea, ila kwa bahati ilipotea ikaangukia saa ya Kiswahili. Tangu siku ile simuulizi mtu saa. Namwomba anisomee tarakimu, na mwaka ndio wa kwanza.

Kuna la pili ndani ya hilo la saa. Kompyuta ilitoka Uingereza, kwa hiyo huenda bado ina majira ya London. Mzee au kijana anaona saa haiendani na ya ukutani, anasogeza mshale kwa mkono, macho yanaridhika. Lakini Windows kwa ndani inahesabu kwa majira ya dunia (UTC), na sasa inajiona iko saa mbili au tatu mbele ya ukweli, kutegemea msimu. Cheti hakitasumbuka kwa saa tatu. Vibali vya muda mfupi vinavyotolewa wakati wa kuingia kwenye akaunti vinaweza kusumbuka sana. Mwelekeze kwenye mipangilio ya tarehe na saa, achague eneo lililoandikwa Nairobi, UTC+03:00, ambalo ndilo la Tanzania pia, kisha abonyeze Sync now. Akifungua kivinjari na kukuta onyo kwamba saa yake iko nyuma au mbele, huna haja ya uchunguzi mwingine.

Hapo ndipo mama ana haki. Kibetri hicho huwezi kukibadilisha kutoka Leicester. Fundi wa mtaani anakibadilisha kwa muda mfupi, kwa bei ndogo. Mpelekeeni kompyuta kwa kazi hiyo moja, na mzee akae naye pale pale, kwa sababu ndani mna hesabu za watu.

Sasa hili la "nikimpigia simu inakatika". Hapa ndipo nilipotabasamu, kwa sababu wewe mwenyewe umetaja jibu bila kujua.

Bando la ruta likiisha, mzee anawasha hotspoti ya simu yake. Kompyuta inapumua kupitia simu ile. Wewe unapiga simu ile ile kumwambia abonyeze kitufe. Sasa, simu nyingi za laini mbili haziwezi kufanya mawili kwa wakati mmoja: laini moja ikipokea simu, data ya laini ya pili inasimama hadi mmalize kuongea. Na hata kama laini ni moja, ikiwa simu au mtandao wake haupitishi maongezi juu ya 4G, simu hushuka kwenda 3G au 2G kwa muda wa maongezi. Kwenye 2G data inakatika. Kwenye 3G inabaki ikikokota, na kule kushuka kwenyewe kunatosha kuangusha muunganiko. Mwambie mama atazame juu ya kioo cha simu ya mzee unapopiga. Akiona 4G imegeuka H au E, au alama ya data imepotea, umepata jibu.

Tiba haina gharama: mpigie kwenye simu ya mama. Ya mzee iachwe mezani na hotspoti yake, isiguswe. Kama simu ni moja tu nyumbani, mpigie kwa WhatsApp, kwa kuwa hiyo inapita ndani ya data yenyewe bila kuigombania laini, ingawa mtagawana kasi. Au pangeni kabla: "nikikutumia msimbo, uandike, kisha bonyeza kitufe cha Allow kila kitakapotokea", halafu usipige kabisa. Kumbuka Quick Assist inamuuliza mara mbili, mara ya kwanza kukuruhusu uone, mara ya pili kukuruhusu ushike kipanya. Wazee wengi wanabonyeza ya kwanza, wanaweka mikono mapajani, wanakusubiri, na wewe unawasubiri wao.

Kwa kuwa tumefika kwenye msimbo: unadumu dakika 10, kisha unakufa na lazima utoe mwingine. Unautoa wewe msaidizi, baada ya kuingia kwa akaunti yako ya Microsoft. Mzee hahitaji akaunti. Usiusome kwa sauti ukiwa na herufi ndani yake. Ukitamka herufi kwa Kiingereza, E yako mzee anaisikia I, na A yako anaisikia E, na hizo dakika kumi zinaishia hapo. Utume kwa ujumbe mfupi. Ukilazimika kuusoma, sema A ya Asha, E ya embe, I ya imamu.

Na hakikisheni Quick Assist yenyewe ni ile mpya. Mwaka 2022 Microsoft iliihamishia kwenye duka lake la programu, na ile ya zamani iliyokuja ndani ya Windows ikaacha kufanya kazi. Mzee akibonyeza Ctrl, kitufe cha Windows na Q kwa pamoja, inapaswa kufunguka. Isipofunguka, aiweke kutoka dukani siku yenye bando.

Skrini nyeusi ulipoweka printa haikuwa hitilafu. Windows inapotaka ruhusa ya kubadilisha kitu kikubwa, hufifisha skrini na kuuliza ndiyo au hapana. Swali hilo huulizwa mahali palipofichwa makusudi, ili programu nyingine yoyote isiweze kulijibu kwa niaba ya mwenye mashine. Wewe uliye mbali ni miongoni mwa hao wanaofichwa. Kwa hiyo wewe unaona giza, huku mzee anaona kisanduku na anangoja ukibonyeze, kwa sababu ulimwambia asiguse kitu. Mwandae mapema: "Baba, skrini ikififia na swali likitokea, nisomee limeandika nini, halafu bonyeza Yes." Kipanya kikimpa shida, Alt na Y kwa pamoja ni jibu lile lile. Utakutana na ushauri wa kuzima ulinzi huo ili usisumbuke. Usiuzime. Mashine ina vitabu vya fedha za wanakikundi, na giza la sekunde chache ni bei ndogo.

Picha ikiwa inakuja kwa mikato, jua kwamba mzigo hapa ni kinyume cha kutazama video. Anayetuma picha ya skrini ni mzee, kwa hiyo kinachohesabika ni kasi yake ya kupakia, na kwenye laini za simu hiyo huwa ndogo kuliko ya kupakua. Aondoe picha ya wajukuu kwenye skrini kwa saa hiyo aweke rangi moja tu, afunge kivinjari, na ruta isogezwe dirishani. Pia aweke alama kwamba mtandao wa hotspoti ni wa kulipia kwa kipimo, pale palipoandikwa Metered connection, ili masasisho ya Windows yasianze kumeza bando katikati ya kazi. Siku nyingine ayaruhusu. Msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine yenye hesabu za watu isiachwe bila masasisho ya usalama. Angalia kama inaweza kupanda kwenda Windows 11, au uiandikishe kwenye mpango wa nyongeza unaofika Oktoba 2026.

Jambo moja linanikaa rohoni. Ukishamfundisha mzee kuandika msimbo na kubonyeza Allow, umemfundisha pia kumfungulia mtu mwingine. Wapo wanaopiga simu wakijitambulisha kuwa ni Microsoft, au ni benki, wakisema kompyuta ina virusi na wao watatoa msimbo. Microsoft haimpigii mtu asiyewaita. Wekeni neno la nyumbani, jina la shamba la babu au chochote mnachokijua nyinyi tu, na mzee asiandike msimbo wa yeyote mpaka alisikie. Mama naye alijue.

Kwa Jumamosi hii nenda kwa mpangilio huu. Mpigie mama, mzee asome mwaka, tarehe na tarakimu za saa. Zikiwa sawa, afungue barua pepe yake kwenye kivinjari. Ikifunguka, tuma msimbo, usubiri Allow mbili, na simu ya mzee isiguswe na mtu. Ikikataa hata hapo, niandikie maneno yaliyotokea kwenye skrini yake kama yalivyo, herufi kwa herufi, na uniambie alikuwa kwenye ruta au kwenye hotspoti.